Achieng Wawili, DN Moja

Simu ilinikuta Kondele, Jumatatu asubuhi, nikingoja matatu ijae. Aliyepiga ni mkaguzi wa ndani wa sacco moja yenye makao yake makuu hapa Kisumu, mama ambaye hana kawaida ya kuanza na salamu.

"Kijana wangu, kuna msichana tawi la Kakamega ana wiki tatu kazini. Ijumaa ameidhinisha mkopo wa pikipiki. Nani alimpa ruhusa?"

Nikamwambia ningefika ofisini niangalie.

"Usiangalie. Njoo."

Chama sitakitaja, na majina ya watu nimeyabadilisha. Mkopo wenyewe haukuwa na kasoro: mwombaji alikuwa na wadhamini na akiba ya kutosha. Msichana naye hakuwa na hila yoyote. Aliona kitufe cha kuidhinisha kwenye kioo chake, akadhani ni sehemu ya kazi yake, akabonyeza. Nilipofuatilia nani alimwingiza kwenye kikundi cha waidhinishaji, jibu lilikuwa hakuna. Alikuwa amerithi.

Rekodi yake katika saraka ya LDAP ilikuwa inaitwa hivi:

cn=Achieng Otieno,ou=Mikopo,ou=Kakamega,ou=Western,o=Chama cha Walimu,c=KE

Kwa asiyezoea mambo haya: saraka ya LDAP ni mti wa rekodi ambao programu za ofisi huusoma kujua nani ni nani na ana ruhusa gani, na kila rekodi ina jina kamili liitwalo DN. Jina hilo husomwa kama nasaba. Unaanza na mtu mwenyewe, kisha baba, kisha babu, hadi kufika kwenye shina. Ukibadilisha jina la babu, wajukuu wote wamebadilika majina, wapende wasipende. Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki.

Hebu tulisome jina hilo kuanzia mwisho (c ni nchi, o ni shirika, ou ni kitengo, cn ni jina la mtu). c=KE ni masalio ya viwango vya X.500 vya mwaka 1988, enzi ambapo ilitarajiwa dunia nzima ikae kwenye saraka moja na kila nchi iwe tawi chini ya shina. Haidhuru. o=Chama cha Walimu lilikuwa jina la zamani. Kama sacco nyingi za walimu, hii nayo ilikuwa imebadili jina ili wafanyabiashara na wakulima wasijione wageni mlangoni. ou=Western ni mkoa, na mikoa yote minane iliondoka na Katiba ya 2010; baada ya uchaguzi wa Machi 2013 tukawa na kaunti 47. ou=Kakamega ni tawi, na tawi lipo. ou=Mikopo ilikuwa idara, lakini ilishaunganishwa na idara ya masoko zamani. Vipande sita, na vitatu kati yake ni habari za kale. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuvigusa, kwa kuwa kugusa kimoja ni kubadilisha majina ya watu wote walio chini yake.

Sasa Achieng. Kwa Wajaluo, Achieng ni binti aliyezaliwa jua likiwa juu, na Otieno ni mvulana wa usiku. Jua huwaka kila siku na usiku huingia kila siku, kwa hiyo Achieng binti Otieno wako wengi kama dagaa wa Dunga. Kisumu pekee walikuwa watatu. Kila mara mtu wa kompyuta alipojaribu kumwingiza mwingine katika idara ileile, seva ilikataa kwa hitilafu namba 68: rekodi hiyo ipo tayari. Dawa yao ikawa kuandika "Achieng Otieno B" na "Achieng Otieno 2". Huyo wa pili alikuwa akipokea barua pepe za ofisi zenye "Ndugu Achieng Otieno 2" bila kujua kosa lake ni lipi.

Achieng wa kwanza wa kisa chetu alikuwa afisa wa mikopo Kakamega, miaka mingi, na alikuwa muidhinishaji. Akahamishiwa Nakuru. Kwa kuwa mti ulipangwa kwa mikoa na matawi, uhamisho wake ulimaanisha rekodi yake ing'olewe chini ya Western ipandikizwe chini ya Rift Valley. LDAP toleo la tatu ina amri ya kuihamisha rekodi nzima nzima kutoka mzazi mmoja hadi mwingine, na kitambulisho chake cha ndani, entryUUID, hubaki vilevile. Lakini fomu ya wavuti waliyokuwa wakitumia haikuwa na kitufe hicho. Msaidizi akafanya alichoweza: akaunda rekodi mpya Nakuru, akafuta ya Kakamega. Jumatatu yake Achieng akashindwa kuidhinisha chochote, Nakuru wakalalamika, akaongezwa kwenye kikundi upya. Kila mtu akafurahi.

Kikundi sasa kilikuwa kinasomeka hivi (shina nimelikata):

member: cn=Achieng Otieno,ou=Mikopo,ou=Kakamega,ou=Western
member: cn=Achieng Otieno,ou=Mikopo,ou=Nakuru,ou=Rift Valley

Mstari wa kwanza ulikuwa unaelekeza kwenye kaburi. Seva haikulalamika, maana kwa OpenLDAP, programu ya seva yetu, sifa ya member ni DN iliyoandikwa tu. Haiendi kuangalia kama mwenyewe yupo hai. Miezi ikapita. Kisha Kakamega ikaajiri binti mpya, idara ileile, naye kwa bahati anaitwa Achieng Otieno. Safari hii seva haikutoa hitilafu 68 kwa sababu nafasi ilikuwa wazi. Rekodi ikaundwa, na sekunde hiyohiyo binti akawa muidhinishaji wa mikopo. Kikundi hakimjui mtu, kinayajua maandishi yake tu, na maandishi yalilingana herufi kwa herufi.

Siku ya kwanza tulifanya usafi wa haraka. Nilichukua kila thamani ya member kwenye vikundi vyote, nikaiuliza seva moja moja: upo? Iliyojibu hitilafu 32, yaani hakuna kitu kama hicho, ilikuwa maiti. Nikawasha na moduli ya refint, ambayo rekodi ikifutwa au ikibadilishwa jina hupita kwenye sifa ulizoitajia na kurekebisha kila palipotajwa. Iwekee member na manager pia, kwa sababu "mkuu wangu ni nani" nayo huandikwa kwa DN. Kuna kamtego hapo: kikundi cha aina ya groupOfNames hakiruhusiwi kuwa tupu, lazima kibaki na walau mwanachama mmoja. Ukimwondoa wa mwisho, refint inahitaji DN ya kujazia, unayoitaja wewe mwenyewe kwenye refint_nothing. Ukisahau, usafi unakwama kwenye vikundi vidogo vidogo ambavyo hakuna anayevikumbuka.

Kwa wengi kazi ingeishia hapo. Mama mkaguzi hakuridhika. "Umefagia," akasema. "Mimi nauliza uchafu unatoka wapi."

Tukaitisha mkutano. Mkuu wa rasilimali watu alikuja na mchoro wa shirika uliochapishwa kwa rangi, uleule unaoning'inia chumba cha bodi, akauweka mezani: huo ndio mti, basi, uchoreni kwenye kompyuta. Sikumlaumu. Watu wengi wakisikia "saraka ina muundo wa ngazi" wanaona mchoro wa shirika, na Kiswahili nacho hakitusaidii: tawi ni la mti na tawi ni la ofisi, neno moja. Mtu akisikia tawi, anachora tawi. Kuanzia hapo mkutanoni tukakubaliana kwamba ofisi zitaitwa matawi na sehemu za mti zitaitwa tanzu. Nusu ya mabishano ilikwisha papo hapo.

Nikawaomba jambo moja. Kabla ya kuchora chochote, mkuu wa rasilimali watu atuletee faili la matukio ya miaka miwili iliyopita: nani alihamishwa, nani aliolewa akabadili jina, nani aliachika akarudisha la zamani, idara gani ziliunganishwa, kibarua gani aliajiriwa kwa kudumu, ofisi gani ilihama. Kisha kila mchoro unaopendekezwa upitishwe kwenye matukio hayo, na tuhesabu DN ngapi zingebadilika. Kwa mchoro wa bodi, tuliacha kuhesabu kabla ya kumaliza ukurasa wa pili.

Akapendekeza mwenzetu kutoka Nakuru kwamba tupange kwa kaunti, maana kaunti zimo kwenye katiba, haziendi popote. Hoja nzuri, mpaka mtu akauliza: Maseno tunaiweka wapi? Kimya, halafu kicheko. Kaunti za Kisumu na Vihiga zenyewe zimebishania mpaka wa Maseno, sembuse sisi wa kupanga seva. Mwenzetu huyohuyo ndiye aliyekuwa ameomba ou=Nakuru ibadilishwe kuwa ou=Nakuru City baada ya Nakuru kutangazwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na alikuwa bado ananuna kwamba tulikataa. Tulikataa kwa sababu cheti cha jiji kingewabadilishia majina wafanyakazi wote wa tawi lake.

Swali nililowaachia mezani ni hili: je, rekodi itawahi kuvuka mpaka huu? Utanzu ni mpaka. Ukiwa mahali ambapo watu huvuka kila mwezi, kila anayevuka anapoteza jina lake. Ukiwa mahali ambapo havuki mtu, hauna gharama. Kwa kipimo hicho mti wote ulibaki na tanzu tatu:

ou=watu,dc=ndani,dc=example
ou=vikundi,dc=ndani,dc=example
ou=huduma,dc=ndani,dc=example

Mtu hageuki kuwa kikundi. Programu ya mikopo, ambayo nayo ina akaunti yake ya kuingilia kwenye saraka, haigeuki kuwa mtu; ndiyo maana ya ou=huduma. Basi. Tawi, idara, cheo, mkuu wa kazi, vyote vimeshuka vikawa sifa ndani ya rekodi ya mtu. inetOrgPerson, aina ya rekodi tuliyotumia kwa watu, inazo tayari: l kwa mahali, departmentNumber kwa idara, title kwa cheo, employeeType kwa aina ya ajira. Achieng akihamia Nakuru, neno moja linabadilika, l inatoka kakamega inakuwa nakuru, na DN yake haitikisiki.

Shina tulilitoa kwenye jina la chama pia. Tangu RFC 2247, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 1998, desturi ni kulitengeneza kutoka kwenye jina la kikoa cha intaneti, ndiyo hizo dc, lakini kikoa nacho hufuata jina la chama, na chama kilishabadili jina mara moja. Tukachagua jina la ndani lisilo na chapa ya mtu. (Hapa nimeandika dc=example ili nisiwaanike.)

Palipotuchukua muda ni mtu aitwe nani. cn haifai, Achieng ametuonyesha. Jina la kuingilia (uid) kama aotieno halifai, watu huoa na kuolewa. Namba ya mshahara ilionekana tamu, mpaka karani wa mishahara akaniambia kwamba vibarua hupewa namba inayoanza na T, na wakiajiriwa rasmi hupewa nyingine. Mpaka unaovukwa, tena. Tukatunga namba ya saraka, w na tarakimu tano, isiyo na maana yoyote na isiyopewa mtu mwingine hata mwenyewe akiondoka:

uid=w00417,ou=watu,dc=ndani,dc=example

Manung'uniko yalikuwepo. "Sasa sisi ni wafungwa wa Kodiaga?" aliuliza mhasibu mmoja. Makarani wa kaunta hawakujali, wao walizoea kuingia kwa namba tangu zamani. Kwa programu mpya tuliweka njia nyingine: programu hutafuta rekodi kwa barua pepe, ikipata DN ndipo inajaribu nywila. Tungeweza kuacha uid iwe aotieno na DN itumie employeeNumber, na nilitamani hivyo, lakini programu ya mahudhurio ilikuwa ya kizamani; haitafuti, inaunganisha tu "uid=" na ulichoandika, kisha "ou=watu". Ilibidi tuishi nayo.

Mtu wa Nakuru alikuwa na wasiwasi kwamba mamia ya watu kwenye utanzu mmoja yataifanya seva iwe nzito. Si kweli. Kasi inatokana na faharasa za sifa unazotafutia, uid, mail, member, l, na kwa idadi ile seva haioni hata tofauti. Akataka pia wanachama wa sacco, makumi ya maelfu, waingizwe humo. Hapana. Saraka husomwa sana na huandikwa kwa nadra. Salio la mwanachama hubadilika kila siku, mahali pake ni hifadhidata ya chama.

Hoja yake ya tatu ilikuwa nzito kweli. Kila tawi lina msaidizi anayebadilishia watu nywila wakisahau, na kwenye mti wa zamani mamlaka yake yaliishia kwenye utanzu wa tawi lake. Ukisawazisha mti, ua umeuweka wapi? Jibu ni kwamba kanuni za slapd, yaani seva yenyewe ya OpenLDAP, zinaweza kuchuja kwa sifa:

access to dn.onelevel="ou=watu,dc=ndani,dc=example"
  filter="(l=kakamega)" attrs=userPassword
  by self write
  by group.exact="cn=wasaidizi-kakamega,ou=vikundi,dc=ndani,dc=example" write
  by anonymous auth
  by * none

Yaani nywila ya mtu wa Kakamega huibadilisha mwenyewe au wasaidizi wa Kakamega, basi. Inafanya kazi, lakini angalia kilichotokea. l ilikuwa habari ya mahali, sasa imekuwa ufunguo. Msaidizi anayeweza kuibadilisha l ya mtu anaweza kumvuta meneja mkuu hadi Kakamega kwa dakika moja, akambadilishia nywila, akamrudisha. Kwa hiyo l huandikwa na rasilimali watu peke yao. Na juu ya kanuni hii tuliweka nyingine inayosema nywila ya yeyote aliye muidhinishaji hubadilishwa makao makuu tu. Lazima ikae juu, kwa sababu slapd husoma kuanzia juu na husimama kwenye kanuni ya kwanza inayolingana. Ukiigeuza mpangilio, hutapata onyo lolote.

Wanaotumia Active Directory, saraka ya Microsoft, wataniuliza mbona wao wana tanzu nyingi na hawalii. Kule sera za kompyuta hufungwa kwenye OU, kwa hiyo tanzu zina kazi ya kufanya, na mtu akihamishwa uanachama wake wa vikundi humfuata wenyewe. Mazingira tofauti.

Wanaoondoka zamani walihamishiwa ou=Walioondoka. Sasa hubaki palepale: wanatolewa kwenye vikundi, na akaunti inafungwa kwa kuweka pwdAccountLockedTime kuwa 000001010000Z, ambayo kwa ppolicy, moduli ya sera za nywila, maana yake ni kufungwa bila ukomo. Na jambo ambalo halikuwa la mti lakini lilinishtua: saraka ya zamani ilimruhusu yeyote kusoma bila kuingia, namba za vitambulisho vya taifa zikiwemo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Nikazifuta humo kabisa badala ya kuzificha. Hakuna programu iliyozihitaji.

Kuhama kulichukua wikendi moja, na nusu yake ilipotelea kwenye nafasi tupu. Faili la LDIF, yaani rekodi za saraka kwa maandishi, linalotoka kwa amri ya slapcat hukata mistari mirefu, kisha huendeleza mstari unaofuata kwa nafasi moja mwanzoni. Skripti yangu ilitafuta "ou=Kakamega,ou=Western", na palipokatwa katikati ya "Kaka" na "mega" haikuona kitu. DN zetu zilikuwa ndefu, kwa hiyo zilikatwa nyingi. Ukitoa data kwa -o ldif-wrap=no tatizo linakwisha; mimi nililikumbuka saa nane usiku. Kisha kulikuwa na majina ambayo yalionekana kama takataka, cn ikifuatwa na nukta pacha mbili na herufi zisizosomeka. Hiyo ni base64, namna ya kuandika data kwa herufi salama, na sababu yake ilikuwa mtu aliyeacha nafasi mwishoni mwa jina wakati wa kuandika. Wakina Ng'ang'a wa Nakuru nao walinivunjia skripti kwa ile alama ya ng'. LDAP yenyewe haina neno nayo. Ni ganda la Linux ndilo lililodhani nimefunga nukuu.

Jumatatu Achieng wote watano waliingia, kila mmoja kwa namba yake, na kitufe cha kuidhinisha kilimtokea mmoja tu. Mama mkaguzi alisimama nyuma yangu hadi akaona mwenyewe.

Wiki mbili baadaye nilikuwa napitia kumbukumbu za seva, nikakuta mstari huu unajirudia kila siku za kazi, asubuhi na jioni:

SEARCH RESULT tag=101 err=32 nentries=0 text=

Kuna kitu kilikuwa bado kinatafuta chini ya ou=Kakamega,ou=Western. Nikafuata anwani ya IP hadi kwenye mashine ya fotokopi ya tawi la Kakamega. Mtu alikuwa ameiwekea kitabu cha anwani ili iskani na kutuma barua pepe. Nikampigia simu msaidizi wa pale, nikamuuliza mbona hawakulalamika kwamba haifanyi kazi.

"Hiyo?" akasema. "Hiyo sisi hutumia flashi, bosi. Haijawahi kutuma."